Kumuuguza Mzazi na Kumrithi: Mila ya Kihamba na Sheria ya Kiislamu Kilimanjaro

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), Ahli zake, Maswahaba zake na kila aliyefuata nyayo zao kwa wema hadi Siku ya Malipo. Ama baada ya hayo:

Ndugu msomaji, miongoni mwa masuala yanayowafikia maimamu wa Moshi mjini na wa misikiti ya mlimani, lipo moja linalorudi mara kwa mara, nalo huja baada ya maziko. Mzee ameugua miaka mingi. Mtoto mmoja alibaki naye nyumbani, akamlisha, akamwogesha na kumpeleka hospitali. Wengine walikuwa Dar es Salaam, Arusha au Nairobi, wakituma walichojaaliwa. Mzee anafariki, wote wanarudi, na khitma ikishasomwa yanaanza maneno. Mmoja anasema kuwa nyumba ni ya aliyeuguza, ndivyo mila ilivyo. Mwingine anafungua Suratun Nisaa na kusema kuwa hakuna aya inayompa muuguzi fungu la ziada. Kila mmoja ameshika sehemu ya haki, na undugu unavunjika kaburi likiwa bado bichi. Makala hii inakusudia kueleza mila hiyo ilitoka wapi, Sharia inasema nini, na yapi yangefanywa mzee angali hai.

KIHAMBA NA KITINDAMIMBA

Wachaga wa miteremko ya Kilimanjaro wameishi kwa karne nyingi katika vihamba. Kihamba ni shamba la migomba lenye nyumba ndani yake, na baadaye kahawa ikaongezwa humo. Ni mahali pa kula, pa kulala na pa kuzikana. Wazee waliotangulia walizikwa humo humo, na kwa hiyo kihamba hakikuhesabiwa kuwa mali ya mtu mmoja tu. Kilikuwa ni amana ya ukoo.

Katika mila hiyo mtoto wa kiume wa kwanza alikuwa na nafasi yake, na kitindamimba alikuwa na yake. Baba alitafuta kuwapatia wanawe wakubwa mahali pengine pa kujenga, na yule wa mwisho akabaki katika nyumba ya wazazi. Yeye ndiye aliyewatunza uzeeni, na wazazi walipofariki nyumba na kihamba chao vikawa vyake. Mabinti waliolewa wakaenda kwa waume zao, wala hawakutarajiwa kurithi ardhi. Mchungaji wa Kilutheri kutoka Ujerumani, Bruno Gutmann, aliyefika Uchagani mwaka 1902, aliandika juu ya sheria hizi za Wachaga katika kitabu kikubwa alichokitoa mwaka 1926.

Tukiitazama mila hii kwa insafu, tutaona kwamba haikukosa hekima. Iliunganisha kazi na malipo. Mzee alijua mapema nani atakayemshika mkono, na kijana alijua kwamba miaka anayoitoa haitapotea. Kasoro yake ilikuwa kwa wanawake. Mara nyingi mikono iliyofanya kazi ya uuguzi ilikuwa ya mke wa kitindamimba, au ya binti aliyeachika akarudi nyumbani, lakini aliyeandikiwa kihamba alikuwa mwanamume.

Uislamu uliingia katika nchi hii kwa njia ya misafara ya Waswahili kutoka pwani katika karne ya 19. Mangi Rindi wa Moshi, aliyejulikana pia kwa jina la Mandara, alikuwa na maingiliano nao. Reli kutoka Tanga ilipofika Moshi mwaka 1911, mji ulikua, na Waislamu wa makabila mengi wakakutana hapo. Wachaga waliosilimu, na wale waliozaliwa katika Uislamu, walibaki na vihamba vyao. Hivyo familia moja ikawa na mizani miwili: mila ya ukoo kuhusu ardhi, na Qur'ani kuhusu mirathi.

Baada ya uhuru, mwaka 1963, serikali ilitangaza kanuni za mila za makabila ya Tanganyika yanayofuata ukoo wa baba, zikiwemo za urithi katika Tangazo la Serikali namba 436. Ndani yake inaonekana fikra inayofanana na hii tuliyoieleza. Mabinti waliwekwa daraja ya mwisho katika urithi, na mjane hakuhesabiwa miongoni mwa warithi wa mumewe: haki yake ilikuwa kutunzwa na watoto wake kama yeye alivyowatunza wao. Basi msomaji azingatie. Kwa mwanamume utunzaji ulikuwa ni njia ya kupata mali, na kwa mwanamke utunzaji ulikuwa ndio badala ya mali.

MIAKA YA MARADHI

Mzigo wa kuuguza ulizidi katika miaka ya 1980 na 1990. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania waligunduliwa mkoani Kagera mwaka 1983, na baada ya muda mfupi ugonjwa ukaenea mikoa yote. Moshi ilikuwa na hospitali ya Mawenzi na hospitali kubwa ya rufaa ya KCMC, iliyofunguliwa mwaka 1971. Lakini dawa za kupunguza makali zilikuwa bado hazijawafikia watu wa kawaida, na zilianza kutolewa bure nchini mwaka 2004. Tangu mwaka 1993 wananchi walikuwa wameanza kuchangia gharama za matibabu katika hospitali za serikali. Kwa hiyo wengi walirudishwa nyumbani, na nyumbani maana yake ni kwa mama.

Mpangilio wa umri ukapinduka. Vijana waliokwenda mjini kutafuta riziki walirudi mlimani wakiwa wagonjwa, na mama mzee aliyetarajia kuuguzwa akawa ndiye muuguzi. Alipomaliza kumzika mwanawe alibaki na wajukuu. Mwaka 1990 wanawake wa Moshi waliunda kikundi cha KIWAKKUKI, yaani Kikundi cha Wanawake Kilimanjaro Kupambana na UKIMWI, kilichowatembelea wagonjwa majumbani na kuwasaidia yatima. Wanawake wa dini mbalimbali walishirikiana humo, na jambo hilo halipingani na mwenendo wa Mtume (s.a.w.), ambaye alimtembelea mgonjwa kijana wa Kiyahudi aliyekuwa akimtumikia, kama alivyopokea Imamu Bukhari.

Katika miaka hiyo masuala matatu yalidhihiri: haki ya mjane aliyemuuguza mumewe, haki ya mtoto aliyemuuguza mzazi, na haki ya mjukuu aliyefiwa na baba kabla ya babu. Leo dawa zipo, lakini masuala hayajaondoka. Kiharusi, kisukari, saratani na uzee wenyewe vinawalaza wazazi kwa miaka, na vihamba vingi havifiki hata hekta moja.

UUGUZI KATIKA ZAMA ZA MTUME (S.A.W.)

Katika mwaka wa 2 Hijria, Waislamu walipotoka kwenda Badri, Bibi Ruqayya binti wa Mtume (s.a.w.) alikuwa mgonjwa. Mtume (s.a.w.) alimwamuru mumewe, Sayyidna Uthman bin Affan (r.a.), abaki Madina amuuguze. Bibi Ruqayya alifariki katika siku hizo hizo. Pamoja na hayo, Uthman (r.a.) aliwekewa fungu lake la ngawira na akaahidiwa ujira wa mtu aliyehudhuria vita, kama ilivyopokewa katika Sahihi Bukhari. Hapa pana mafunzo mawili. La kwanza, mwanamume aliachwa nyuma kwa ajili ya kitanda cha mgonjwa, wala haikuwa aibu kwake. La pili, aliyekosa kwa sababu ya kuuguza hakunyimwa kile walichopata waliokwenda.

Baada ya vita vya Handaki, katika mwaka wa 5 Hijria, Saad bin Muadh (r.a.) aliyekuwa amejeruhiwa mkononi alipigiwa hema ndani ya msikiti ili Mtume (s.a.w.) amtembelee kwa karibu. Bibi Rufayda wa kabila la Aslam anatajwa kuwa ndiye aliyekuwa akiwatibu majeruhi huko. Uwais al-Qarani, aliyetajwa katika Sahihi Muslim, alisifiwa na Mtume (s.a.w.) kwa wema wake kwa mama yake.

Wala umma haukuwaachia jamaa peke yao mzigo huu. Mfalme Nuruddin Zengi alijenga hospitali Damascus mwaka 1154, na Sultani Qalawun akajenga nyingine Cairo mwaka 1284. Hospitali hizo ziliendeshwa kwa mapato ya wakfu, na humo waliajiriwa matabibu na watumishi wa kuwahudumia wagonjwa.

NAFAKA NI WAJIBU WA WATOTO WOTE

Katika Suratul Israa, aya ya 23 na 24, Mwenyezi Mungu ameunganisha amri ya kumwabudu Yeye peke yake na amri ya kuwatendea wema wazazi, hasa wanapofikia uzee, wala hakumtaja kitindamimba wala mtoto wa kiume. Kwa madhehebu ya Imamu Shafii, nafaka ya mzazi asiyekuwa na uwezo ni wajibu juu ya watoto wenye uwezo, wa kiume na wa kike. Wanavyuoni wa madhehebu hayo wameingiza ndani ya nafaka hiyo gharama za tabibu, dawa, na mtumishi pale mzee anapomhitaji kwa ugonjwa au kilema. Watoto wa kiume na wa kike wakiwa pamoja, wanavyuoni wana kauli mbili: wagawane sawasawa, au kila mmoja kwa kadiri ya fungu lake la mirathi.

Kwa hiyo aliyeko Dar es Salaam asidhani kuwa anamfadhili ndugu yake anapotuma pesa ya dawa. Analipa deni lake mwenyewe. Na mke wa mtoto, kwa madhehebu yetu, hana wajibu wa kuwahudumia wakwe zake. Anachofanya ni ihsani, na ihsani inastahiki shukrani na malipo.

KISA CHA ABUBAKAR NA BINTIYE

Je, aliyeuguza anapata ziada katika mirathi? Jibu ni hapana. Mafungu yamepangwa na Mwenyezi Mungu katika Suratun Nisaa, aya ya 11, 12 na 176, kwa sababu ya nasaba na ndoa, wala si kwa sababu ya huduma. Tena Mtume (s.a.w.) amekataza wasia kwa mrithi. Jamhuri ya wanavyuoni wanasema haupiti isipokuwa warithi wengine wakiridhia baada ya mauti.

Kisa kilicho wazi zaidi katika mlango huu amekipokea Imamu Malik katika Muwatta. Sayyidna Abubakar (r.a.) alikuwa amempa Bibi Aisha (r.a.) mavuno ya mitende ya kiasi cha wasaki 20 katika shamba lake la Ghaba. Bibi Aisha hakuwahi kuyavuna. Mauti yalipomkaribia, mzee alimweleza kwamba hakuna anayependa kumwona ametajirika kuliko yeye, lakini kwa kuwa hakuyachukua, siku ile yamekuwa mali ya warithi: yeye, ndugu zake wawili wa kiume na dada zake wawili. Bibi Aisha alimjua dada mmoja tu, Asmaa. Mzee akamwambia kuwa wa pili yumo tumboni mwa mkewe, bint Kharija. Kweli, mtoto wa kike alizaliwa baada ya kufa kwake, naye ni Ummu Kulthum.

Tazama, ndugu yangu. Baba ni Swiddiqi, binti ni Mama wa Waumini, na mapenzi yao hayana shaka. Hata hivyo zawadi isiyokabidhiwa ilirudi katika mirathi kwa ajili ya haki ya mtoto ambaye bado hajazaliwa. Itakuwaje basi kwa maneno ya mzee aliyoyasema barazani, kwamba nyumba hii ni ya fulani, bila ya makabidhiano wala mashahidi?

MILANGO YA HALALI

Lakini ni makosa kumwambia muuguzi kwamba Sharia haina chochote kwa ajili yake. Milango ipo, na mingi hufungwa mzee akishafariki.

Wa kwanza ni ujira. Watoto wakiwa hai na mzee akiwa hai, wanaweza kukubaliana kuwa mmoja wao abaki nyumbani na kulipwa kila mwezi kutoka katika mali ya mzee au kwa michango yao. Likiandikwa, hilo ni deni, na deni hutangulia mirathi. Lisiloandikwa huhesabiwa kuwa ni wema, na baada ya mauti ni vigumu kulidai.

Wa pili ni hiba. Mzee mwenye afya na akili timamu anaweza kumpa mtoto aliyemhudumia sehemu ya mali na kumkabidhi. Hapa itajwe Hadithi ya Nuuman bin Bashir (r.a.), ambaye baba yake alitaka kumpa zawadi peke yake, na Mtume (s.a.w.) akakataa kuishuhudia, akaamrisha uadilifu baina ya watoto. Wengi wa wanavyuoni wameona kuwa kupendelea ni karaha, na Imamu Ahmad akaona ni haramu. Lakini Ibn Qudama katika al-Mughni ameruhusu kumzidishia mtoto kwa sababu maalumu, kama haja, maradhi ya kudumu, upofu, wingi wa watoto au kushughulika na elimu. Aliyeacha kazi yake miaka kumi ili amuuguze mama ana haja iliyo dhahiri. Bora watoto wengine waelezwe na waridhie. Na hiba inayotolewa katika maradhi ya mauti hukumu yake ni ya wasia, kwa hiyo isicheleweshwe.

Wa tatu ni wasia kwa asiyekuwa mrithi. Mke wa mtoto harithi kwa mkwewe, hivyo anaweza kuusiwa mpaka thuluthi moja. Kipimo hiki ni cha Mtume (s.a.w.) kwa Saad bin Abi Waqqas (r.a.), alipougua Makka akitaka kutoa zaidi, akaambiwa kuwa thuluthi nayo ni nyingi. Tuchukue mfano. Bi mkubwa mjane, asiye na wazazi, amefariki baada ya kuuguzwa na mke wa mwanawe, akaacha watoto wa kiume 3 na binti 1. Baada ya gharama za maziko na madeni imebaki mali ya shilingi 21,000,000, na alimuusia mkwewe thuluthi. Mke huyo atapata 7,000,000. Zinazobaki, 14,000,000, zinagawanywa mafungu 7: kila mtoto wa kiume atapata 4,000,000 na binti 2,000,000. Hakuna aliyedhulumiwa. Ila wasia huo usiwe hila ya kumfikishia mume wake ziada.

Wa nne ni sulhu baina ya warithi, ambayo mafakihi wanaiita takharuji. Warithi hukubaliana kuwa mmoja achukue nyumba na wengine wapewe badala yake, au wamwachie kwa hiari. Tumadhir binti al-Asbagh, mke wa Abdurrahman bin Auf (r.a.), alifanya sulhu ya namna hii juu ya fungu lake. Kwa njia hii kihamba kidogo hakikatwi vipande visivyolisha mtu, na mila njema ya nyumba kubaki kwa aliyewatunza wazee inaendelea kwa ridhaa. Lakini ridhaa ya binti iwe ridhaa kweli. Kunyamaza kwake kwa sababu ya haya mbele ya kaka zake si ridhaa.

Ama mjane, yeye ni mrithi kwa Qur'ani: robo akiwa marehemu hakuacha mtoto, na thumni akiacha. Aliyemuuguza mumewe hadi mwisho hana ombi kwa ukoo, ana fungu lake. Tena ana haki ya kukaa eda ya miezi minne na siku kumi katika nyumba ya ndoa yake, na aya ya 19 ya Suratun Nisaa imekataza wanawake kurithiwa kwa nguvu.

BIBI NA WAJUKUU

Mtoto aliyefiwa na wazazi, malezi yake huelekezwa kwa wanawake wa upande wa mama. Katika Muwatta imekuja kwamba Sayyidna Umar (r.a.) alimkuta mwanawe Asim huko Kubaa akataka kumchukua, bibi mzaa mama akamzuia. Abubakar (r.a.) aliamua mtoto abaki na bibi, na Umar hakumjibu neno.

Ugumu uko katika mirathi. Mwana akifa kabla ya babu au bibi, na wapo watoto wengine wa kiume, wajukuu hawarithi. Hiyo ni hukumu iliyothibiti. Lakini Suratul Baqara, aya ya 180, imetaja wasia kwa jamaa, na Suratun Nisaa, aya ya 8, imeamrisha kuwapa kitu jamaa, mayatima na maskini wanaohudhuria ugawaji. Ibn Hazm aliona kuwa wasia kwa jamaa wasiorithi ni wajibu. Misri, katika sheria namba 71 ya mwaka 1946, iliwawekea wajukuu wa namna hii wasia wa lazima usiozidi thuluthi. Kwetu hakuna sheria hiyo, na kwa madhehebu ya Shafii wasia ni sunna tu. Kwa hiyo kila babu na bibi anayelea wajukuu yatima auandike mwenyewe. Asipouandika, watoto aliowalea wanaweza kutoka nyumbani mikono mitupu siku anapozikwa.

HITIMISHO

Mahakama ya Mwanzo nchini ina mamlaka ya kusikiliza mirathi ya mila na mirathi ya Kiislamu. Mgogoro ukifika huko huulizwa marehemu aliishi kwa mwenendo gani na alikusudia nini. Mwislamu wa mlimani asiyeacha maandishi anawaachia wengine wamjibie. Basi ni juu ya maimamu wanapokwenda kumzuru mgonjwa wasiishie kwenye dua na Yasini. Mgonjwa akiwa na nguvu na akili zake, wamuulize kwa upole: nani anakuhudumia, umemfanyia nini, na umeandika? Waite watoto wakae mbele yake. Suala hilo moja likiulizwa mapema linaweza kuokoa undugu wa nyumba nzima.

Mila ilimwahidi muuguzi nyumba na ikamsahau mwanamke. Sharia imempa kila mrithi fungu lake, na ikatuachia sisi, tukiwa hai, wajibu wa kumlipa aliyetutumikia. Anayeichukua Sharia katika mafungu na kuiacha katika shukrani amechukua nusu yake.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, awarehemu waliotangulia, awalipe wema wanaowauguza wazazi usiku na mchana, na atujaalie tuwe waadilifu baina ya watoto wetu. Wabillahi tawfiq.